Maswali ya Wasomaji: Ari ya Mtafiti Kijana Utafiti Unapoendeshwa kwa Ajili ya Faida

Barua tatu zilizotufikia kutoka Kampala, Mbarara na Jinja zinagusa jambo moja: wanafunzi wa shahada za juu wanaoingia katika utafiti wakiwa na hamu kubwa, kisha wakaishiwa nayo kabla ya kumaliza, hasa pale utafiti wenyewe unapoendeshwa ili kuleta mapato. Tumezifupisha barua hizo na kuyahifadhi majina ya waandishi.

Swali la kwanza

Mwalimu, shikamoo. Ninasoma shahada ya uzamivu katika sayansi ya kilimo na huu ni mwaka wangu wa tatu. Utafiti wangu unalipiwa na kampuni inayouza mbolea ya kunyunyizia majani. Mwaka wa kwanza nilifanya kazi mchana na usiku bila kuchoka. Mwaka wa pili niliona kwamba katika mashamba ya karanga yenye udongo wa kichanga huko Teso mbolea hiyo haikuongeza mavuno, nikataka kuchunguza sababu. Niliambiwa kwamba jambo hilo halimo katika mkataba, na kwamba data za mashamba hayo ziwekwe kando. Tangu siku hiyo ninakwenda kazini kwa sababu ya fedha za kujikimu tu. Ripoti za kampuni ninaziandika kwa wakati, lakini tasnifu yangu haisogei hata ukurasa mmoja. Wenzangu wanasema nimekuwa mvivu. Je, inawezekana kwamba sikuwa na moyo wa utafiti tangu mwanzo? — Mwanafunzi, Kampala

Jibu

Marahaba, binti yangu. Jibu la swali lako la mwisho ni hapana. Mtu aliyefanya kazi mchana na usiku kwa mwaka mzima, bila kusukumwa na yeyote, hakukosa moyo wa utafiti. Wewe mwenyewe umeitaja siku ambayo moyo huo ulivunjika: uliona jambo usilolitarajia, ukataka kujua sababu yake, ukaambiwa kwamba sababu hiyo haimhusu aliyelipa. Kuanzia hapo swali halikuwa lako tena. Mikono ilibaki kazini, lakini akili ilifungiwa nje, na mtafiti asiyeruhusiwa kuuliza hubaki kibarua mwenye shahada.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1971 Edward Deci, wa Marekani, alichapisha matokeo ya majaribio ambayo wanafunzi wa chuo kikuu walipewa mafumbo ya kuunganisha vipande. Wale waliolipwa kwa kila fumbo walilofumbua, malipo yalipoondolewa, walikuwa na hamu ndogo ya kuendelea nayo katika muda wao wa mapumziko kuliko wale ambao hawakulipwa kamwe. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walifanya jaribio linalofanana na hilo kwa watoto wadogo waliopenda kuchora. Watoto walioahidiwa cheti ili wachore, baada ya wiki moja au mbili walitumia katika kuchora takriban nusu ya muda waliotumia wenzao. Watu wengi wanaolisimulia jaribio hili husahau kulitaja kundi la tatu, yaani watoto waliopewa cheti kilekile baada ya kuchora, bila kuahidiwa kabla. Hao hawakupoteza hamu. Kumbe zawadi yenyewe haikuwa na madhara. Kilichodhuru ni zawadi kugeuka kuwa sababu ya kuchora na mtoto kuhisi kwamba anaendeshwa. Deci na mwenzake Richard Ryan waliendelea hadi kujenga nadharia inayosema kwamba ari ya ndani hulishwa na mambo matatu: mtu kuamua mambo yake, mtu kujiona anaiweza kazi yake, na mtu kuwa na uhusiano mwema na anaofanya nao kazi. Ukiipima hali yako kwa vigezo hivyo utaona kwamba uamuzi uliondolewa mikononi mwako, kwamba ujuzi wako wa kugundua kasoro umefanywa usumbufu, na kwamba uhusiano wako na msimamizi umeanza kuwa wa tajiri na mtumishi.

Ninalisisitiza hili kwa sababu wapo watakaodhani kwamba tunazilaumu fedha. Mwanafunzi asiyejua atalipaje kodi ya chumba Wandegeya naye hupoteza ari, tena haraka zaidi. Fedha za kampuni zinaweza kumlipa mtafiti na zikamwacha huru; zinaweza pia kumlipa na kumfunga. Tofauti hiyo huamuliwa na vifungu vya mkataba ambavyo mwanafunzi, mara nyingi, hajawahi kuonyeshwa.

Pengine itakusaidia kujua jinsi tulivyofika hapa, maana mtu akidhani kwamba balaa ni lake peke yake huona aibu bure. Mwaka 1942 mwanasosholojia Robert Merton aliandika kwamba sayansi husimama juu ya desturi ambazo mojawapo ni kwamba matokeo ni mali ya wote, na nyingine ni kwamba mtafiti asitangulize maslahi yake mwenyewe. Haikuwa kweli kwamba kila mtafiti alizifuata desturi hizo, lakini zilikuwa kipimo ambacho hata mkosaji alikijua. Mwaka 1980 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo Bayh-Dole, iliyoviruhusu vyuo vikuu kumiliki hataza (yaani haki za kisheria za kuutumia uvumbuzi na kuwazuia wengine) za uvumbuzi uliogharamiwa na fedha za serikali kuu na kuwauzia wengine leseni. Nia ilikuwa njema, yaani uvumbuzi usikae kwenye makabati bila kuwafikia wananchi, na baadhi ya dawa na mitambo tunayoitumia leo ilipita katika njia hiyo. Hata hivyo, tangu hapo vyuo vingi duniani vilianzisha ofisi za kuuza uvumbuzi, na mafanikio ya idara yakaanza kupimwa pia kwa mapato yake. Mwaka 1998 idara moja ya baiolojia ya mimea katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitia saini mkataba wa dola milioni 25 kwa miaka 5 na Novartis, kampuni ya dawa na bidhaa za kilimo. Kampuni hiyo ilipata haki ya kuwa ya kwanza kujadiliana kuhusu leseni za takriban theluthi moja ya uvumbuzi wa idara, pamoja na viti 2 kati ya 5 vya kamati iliyogawa fedha za utafiti. Mkataba huo ulizua ubishi mkubwa, na wanafunzi wa shahada za juu walikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kuupinga.

Kisa kilicho karibu zaidi na chako ni cha Betty Dong, mtafiti wa dawa katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Alipewa fedha na kampuni ya dawa ya Boots ili kulinganisha dawa yake ya tezi la shingo na dawa za bei nafuu za washindani wake. Kazi ilipokamilika mwaka 1990, matokeo yalionyesha kwamba dawa za bei nafuu zilifanya kazi sawasawa na ile ya kampuni. Kampuni ilipinga matokeo hayo. Makala ambayo jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilikuwa tayari limeikubali iliondolewa mwaka 1995, kwa kuwa mkataba ulikuwa na kifungu kilichokataza kuchapisha bila idhini ya maandishi ya mfadhili. Ilichapishwa hatimaye mwaka 1997. Kwa miaka yote hiyo wagonjwa waliendelea kulipia dawa ya bei kubwa ilhali ile ya bei nafuu ingewatosha. Huyo alikuwa mtafiti mzoefu mwenye ajira. Sembuse mwanafunzi ambaye fedha zake za kujikimu hutolewa kila baada ya miezi mitatu, na ambaye mtia saini wa fedha hizo ndiye atakayesaini pia tasnifu yake?

Hapa Uganda mambo yalikuja kwa njia nyingine. Makampuni makubwa yenye fedha za utafiti ni machache kwetu, kwa hiyo faida iliingia vyuoni kupitia ada na kazi za ushauri elekezi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilifungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia na madarasa ya jioni, na kufikia mwishoni mwa muongo huo waliojilipia walikuwa wengi kuliko waliolipiwa na serikali. Vitengo vilivyoweza kuuza kozi vilipata fedha, visivyoweza vikadidimia. Profesa Mahmood Mamdani, aliyeyachunguza mageuzi hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 2007, alieleza jinsi mantiki ya soko ilivyopenya hadi ndani ya mitaala. Amesema pia, katika maandishi yake mengine, kwamba utafiti katika vyuo vyetu umepunguzwa ukawa ushauri elekezi: mteja huleta swali, msomi hutafuta jibu, na hakuna anayeuliza kama swali lenyewe lilikuwa sahihi. Mimi ninakubaliana naye kabisa. Mhadhiri ambaye mshahara wake haukumtosha kwa miaka mingi alijifunza kuishi kwa ripoti za wateja, na mwanafunzi wake akajifunza kukusanya takwimu za ripoti hizo, akidhani kwamba huko ndiko kutafiti.

Wenzako wanaokuita mvivu ungewaeleza haya pia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wanafunzi 3,659 wa uzamivu huko Flanders, Ubelgiji, ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya watatu alikuwa katika hatari ya kupata tatizo la afya ya akili, na miongoni mwa mambo yaliyohusiana na hatari hiyo yalikuwa wingi wa kazi, namna msimamizi anavyoongoza na jinsi maamuzi yanavyofanywa katika kikundi cha utafiti. Mwaka 2018 utafiti mwingine, uliowahusisha watu 2,279 katika nchi 26, wengi wao wakiwa wa uzamivu, ulikuta dalili za wastani hadi kali za wasiwasi kwa asilimia 41 na za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, kwa asilimia 39. Iwapo usingizi wako umeharibika au unajisikia kwamba maisha hayana maana, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo wiki hii, kabla ya kushughulikia jambo lolote jingine nitakalokueleza.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Omba nakala ya mkataba kati ya chuo na kampuni, na uombe kwa barua, kwa sababu ombi la mdomo husahaulika. Soma kifungu cha kuchapisha na kifungu cha umiliki wa data. Data za Teso zilizowekwa kando zihifadhiwe kama zilivyo, zikiwa na tarehe, majina ya mashamba na kumbukumbu za mvua, wala usikubali zifutwe. Kisha mwandikie msimamizi wako, kwa heshima zote, ukimkumbusha kwamba mpango wa utafiti ulioidhinishwa uliyataja mashamba hayo, na kwamba tasnifu itakayoyaacha bila maelezo itakuwa na pengo ambalo mtahini yeyote makini ataliuliza. Hoja hii ina nguvu kuliko malalamiko, maana inamlinda hata yeye. Utafiti unaowahusisha watu, wakiwemo wakulima wanaohojiwa, hupitiwa na kamati ya maadili na kusajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na mtafiti haruhusiwi kubadili mpango ulioidhinishwa kimyakimya. Asipokusikiliza, ipo kamati yako ya usimamizi, ipo kurugenzi ya mafunzo ya shahada za juu, na ipo kamati ya maadili. Nenda kwa hatua, usirukie ya mwisho.

Pamoja na hayo, jitengee sura moja ya tasnifu iliyo yako. Kwa nini mbolea ile haikufaa katika udongo wa kichanga? Je, ni unyevu, ni chokaa, au ni aina ya karanga? Swali hilo halihitaji fedha nyingi, na huenda likamfaa hata mwenye kampuni akiwa na busara, kwa kuwa bidhaa inayojulikana mipaka yake huuzwa kwa uaminifu zaidi. Kuna jambo jingine ambalo mkataba hauoni. Mkulima wa Kumi au Soroti atakayetoa akiba yake ya msimu kununua chupa ya mbolea hiyo ana haki ya kujua ulichokiona. Nadhani kinachokuuma zaidi ni huyo mkulima, ingawa hukumtaja, na maumivu hayo ni dalili kwamba ari yako haijafa.

Swali la pili

Mwalimu, mimi ni mhadhiri hapa Mbarara. Wanafunzi wangu wa uzamili wanalalamika kwamba ninawatumia katika miradi ya wafadhili na makampuni. Ukweli ni kwamba bila mikataba hiyo sina kemikali, sina mafuta ya gari la kwenda uwandani wala fedha za kuwalipa wao. Nikiikataa, maabara itafungwa. Nifanyeje ili wasivunjike moyo? — Mhadhiri, Mbarara

Jibu

Ndugu Mhadhiri, unasema kweli, na haitakuwa haki kukulaumu kama mtu aliyechagua hali hiyo. Nchi za Umoja wa Afrika ziliweka lengo la kutumia asilimia 1 ya pato la taifa katika utafiti, na Uganda bado haijalifikia. Tumeona kwamba inawezekana kufanya vingine: Sweden, kupitia shirika lake la Sida, ilianza kufadhili utafiti na masomo ya uzamivu Makerere mwaka 2000 na kwa njia hiyo wahadhiri wengi wakapata shahada zao, na mwaka 2019 serikali yetu ilianza kuipatia Makerere mfuko wa utafiti na ubunifu wa shilingi bilioni 30 kwa mwaka. Fedha za umma za aina hiyo humpa mtafiti nafasi ya kuuliza swali ambalo halina mnunuzi. Wahadhiri mnapaswa kuzidai kwa sauti moja, kwa vyuo vyote, pamoja na vile vya mikoani.

Hata hivyo, ndani ya mikataba unayoisaini leo kuna nafasi kubwa kuliko unavyodhani. Kataa kifungu chochote kinachomzuia mwanafunzi kuwasilisha tasnifu yake au kinachompa mfadhili haki ya kuidhinisha matokeo. Mfadhili akitaka muda wa kuomba hataza kabla ya kuchapisha, mpe, lakini uwe na kikomo. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliwahi kupendekeza kwamba siku 30 hadi 60 zinatosha. Sababu ya kuchelewesha inaeleweka, kwa kuwa uvumbuzi uliokwisha kutangazwa hadharani unaweza kukosa sifa ya upya inayodaiwa na sheria. Kuchelewesha kwa mwaka mzima au miwili, mwanafunzi akiwa anasubiri kuhitimu, hakuna utetezi.

Watenganishie wanafunzi kazi mbili. Siku za kukusanya takwimu za mteja ziwe ajira yenye malipo yanayojulikana, na siku za tasnifu ziwe za tasnifu. Vikichanganywa, mwanafunzi hajui lini anasoma na lini anatumika, na nimeona kwamba hapo ndipo chuki huanzia. Waonyeshe bajeti. Waulize, kabla hujatuma andiko la mradi, kila mmoja angependa kujua nini, na angalau swali moja lao liingizwe katika andiko hilo. Mfadhili mara nyingi hatalikataa kwa kuwa halimgharimu kitu.

Kuhusu majina kwenye makala, fuata kanuni za kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba hata kama fani yako si tiba. Mwandishi ni yule aliyechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni kazi, kukusanya data au kuzichambua, akashiriki kuiandika au kuihakiki, akaidhinisha nakala ya mwisho, na akakubali kuwajibika kwayo. Kanuni hizo hizo zinataka kila aliyetoa mchango kama huo apewe nafasi ya kushiriki katika uandishi. Mwanafunzi aliyetembea vijijini miezi sita, kisha akaiona ripoti imetoka bila jina lake, hatakuamini tena, na usitarajie afanye kazi kwa moyo katika mradi unaofuata.

Swali la tatu

Mwalimu, kijana wangu ameacha shahada ya uzamili akiwa amebakiza utafiti tu. Anasema msimamizi wake alimpa mada inayomletea yeye fedha, na hataki kurudi. Ada tulilipa kwa shida. Je, tumlazimishe? — Mama, Jinja

Jibu

Mama, pole kwa gharama na kwa masikitiko. Msimlazimishe, maana akirudi kwa kulazimishwa atarudi kwenye chumba kilekile na mada ileile. Mketishe, umuulize swali moja: kama angeachiwa achague mwenyewe, angetafiti nini? Akiwa na jibu, tatizo lake ni mada na msimamizi, na vyote viwili hubadilishwa kwa kuiandikia idara, ingawa huchukua muda na atahitaji mhadhiri mwingine atakayekubali kumsimamia. Kazi aliyokwisha kufanya darasani haipotei kwa sababu hiyo. Akikosa jibu kabisa, mwacheni afanye biashara yake kwa sasa.

Kwa vyovyote vile, afike ofisi ya msajili kabla muhula haujaisha na aombe rasmi kusimamisha masomo. Mwanafunzi anayeondoka bila barua huhesabiwa kuwa amejitoa na usajili wake unaweza kufutwa, lakini aliyesimamisha masomo kwa idhini huweza kurejea ndani ya muda ambao kanuni za chuo zinaruhusu. Barua hiyo aiandike yeye mwenyewe, na nakala yake mbaki nayo nyumbani.